Sikio la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni. Joto 23. Presha pauni 14.

Mvua zimekwisha. Asubuhi nimekwenda kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, nikaitembea barabara yake yote kwa miguu nikiokota mawe. Lami imekauka. Msimu umeanza.

Daftari hili ni la injini. Kila injini niliyojenga ina daftari lake: joto la siku, presha ya tabo, rangi ya plagi. Mke wangu ndiye aliyesema niandike na mengine. "Baba watoto, hiyo hasira yako iandike. Karatasi haitoki damu." Anafanya kazi duka la dawa, na kwake kila tatizo lina kipimo chake, mara tatu kwa siku baada ya chakula. Haya, nameza.

Gari ni la milango miwili, jeusi, limeshushwa hadi paka anapita kwa kujibana. Nililikuta mkweche, nyuki wamejenga chini ya boneti. Tabo ni ule mtambo unaozungushwa na moshi wa ekzosi ili usindilie hewa ndani ya injini. Nimeitoa ya kiwandani nikafunga kubwa zaidi, na nguvu zimefika mara mbili na nusu. Nimelipa jina la Mkwe. Anataka heshima, anakula vya ghali, na ukikosea neno moja anakuaibisha mbele za watu.

Pale kiwanjani, kwenye ukuta wa kibanda cha abiria, huandikwa kwa rangi jina la mshindi wa mbio za mwisho wa msimu na muda wake, likakaa mwaka mzima. Miaka miwili sasa lipo la Daktari wa Meno. Mwaka huu nitalifuta mwenyewe, kwa ulimi ikibidi.

Alhamisi, 6 Juni. Joto 24. Presha 15.

Tumefunga bomba la Sikio. Sikio ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, ana miaka ishirini na minne, na jina hilo amepewa na gereji nzima. Ukizidisha presha, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Mlio ni mdogo, umefunikwa na kelele zote za gari. Ukiendelea kukanyaga, pistoni hupasuka. Wengine hufunga vipimo vya kompyuta. Mimi nina shemeji.

Bomba la shaba limepondwa ncha, likafungwa kwa boliti kwenye ubavu wa injini, likapita hadi chini ya dashibodi. Hapo linavaa mpira, na mpira unaingia kwenye sikio lake la kushoto. La kulia linabaki wazi kunisikia mimi kwenye usukani. Mimi nakanyaga, yeye anafumba macho. Akisema "safi", naongeza. Akisema "kokoto", naachia, maana injini ikigonga, anasema, ni kama kokoto ndani ya kopo. Miaka mitatu hajakosea hata mara moja. Mafundi wenzangu wamewahi kuja kuniazima Sikio kama mtu anavyoazima ngazi. Nimewanyima.

Jumamosi, 8 Juni. Joto 24. Presha 15.

Mbio za kwanza. Daktari wa Meno amenipita kwa urefu wa boneti. Alipoteremka akanijia na glavu zake za ngozi. "Fundi, si ungebaki na baiskeli? Huku ni kwa watu wazima."

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena kwa tabasamu, mbele ya mkewe.

Nilimpiga kichwa cha pua. Alipoinama nikampandishia goti. Shati lake jeupe liliharibika lote na jino moja likabaki kwenye lami. Kazi yake ni meno, atajua pa kulirudisha.

Nyumbani mke wangu alinisafisha paji la uso kwa spiriti, bila huruma. "Kichwa hicho hicho ndicho unachomwinamishia mtoto akubusu akienda shuleni," alisema.

Jumapili, 9 Juni.

Shingo inauma. Plagi zina rangi ya kahawia nzuri.

Jumanne, 18 Juni. Joto 25. Presha 17.

Leo nilikuwa namwonyesha Mkwe kiwanjani. Watu walikuja kutazama, wakiwemo marafiki wa Daktari. Gia ya tatu, ghafla mlipuko chini ya boneti na gari likanywea. Mpira wa hewa ulikuwa umechomoka. Sikio alikifunga kibano chake kwa vidole akasahau kukikaza kwa bisibisi. Marafiki wa Daktari walicheka hadi wakashikana mabega.

Niliteremka, nikazunguka gari, nikamfungulia mlango kama dereva wa waziri. Alipotoka nikamzaba kofi. Kofi moja, si ngumi. Mkono wa kulia, kiganja wazi, upande wa kushoto wa uso. Lililia kama mfuko wa karatasi uliojazwa hewa ukapasuliwa.

Alikaa chini kwenye lami. Kisha akajaribu kusimama akayumba, akatapika kando ya gurudumu. Nikamwambia aache maigizo, achukue bisibisi.

Jumatano, 19 Juni.

Sikio amekuja na pamba sikioni. Anasema ni mafua. Vibano vyote amevikaza mara mbili. Basi kofi nalo lina faida yake.

Jumanne, 25 Juni. Joto 26.

Nimekuta kichupa cha dawa ya matone kwenye friji, nyuma ya maziwa. Nikauliza cha nani.

"Cha mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Wa jirani," alisema mke wangu, akafunga friji. Sikufuatilia. Nilikuwa nawaza tabo.

Jumamosi, 13 Julai. Joto 28. Presha 20.

Mapipa ameleta petroli ya msimu. Ni mzee wa mtaa wa pili, anachanganya petroli ya mbio kwenye mapipa nyuma ya nyumba yake, leseni hana ila mkono wake hautetereki. Ndiye aliyenifundisha kusoma plagi nilipokuwa bado nashika spana kichwa chini. Ananiita mdogo wangu. Alizunguka Mkwe mara moja, mikono nyuma, akasema, "Mdogo wangu, huyu atakuua au atakuoa."

Adhuhuri tukapandisha presha. Kumi na nane. "Safi." Kumi na tisa. "Safi." Ishirini. Siku hizi Sikio hafumbi macho. Analishika bomba la shaba kwa vidole viwili pale linapotokeza, kama anayepima mapigo ya mgonjwa.

"Unafanya nini?"

"Nahakikisha, shemeji."

"Na?"

"Safi."

Nimefurahi. Kijana anazidi kuwa makini.

Jumatatu, 15 Julai.

Plagi ya tatu ina vidoadoa. Nimeifuta kwa kitambaa.

Jumamosi, 27 Julai. Joto 30. Presha 22.

Mkwe amekufa.

Mbio za katikati ya msimu huruhusu msaidizi, kwa hiyo Sikio alikuwa kushoto kwangu na mpira wake. Gia ya nne, Daktari yuko nyuma urefu wa magari mawili, namwona kwenye kioo anavyozidi kuwa mdogo. Nikapiga kelele, "Vipi?" Akajibu, "Safi!" Sauti yake ilikuwa bado hewani injini ilipopasuka. Moshi mweupe, oili kwenye kioo cha mbele, usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea watoto. Tulizunguka mara tatu tukapiga matairi ya ukingoni kwa ubavu. Sikio bega limevimba. Mimi nimeng'ata ulimi.

Daktari alirudi polepole, akashusha kioo. Meno yake yote yapo. "Fundi, baiskeli haina pistoni."

Nilichukua mtungi wa kuzimia moto nikauvurumisha kwenye kioo chake cha mbele. Haukupita, ulinasa hapo hapo. Nikauchomoa nikapiga tena, na tena, naye ndani akijikinga kwa glavu. Walinishika watu wanne. Wasimamizi wamesema nikigusa mtu tena kiwanjani, sishiriki mbio za mwisho.

Jumapili, 28 Julai. Joto 30.

Tumefungua injini. Pistoni ya tatu imemeguka ukingo, na plagi yake imepakwa punje za alumini mfano wa sukari. Hata mwanagenzi angeisoma: injini imegonga, tena siku nyingi.

Lakini Sikio alisema safi, na Sikio hakosei. Kwa hiyo si presha. Kama si presha, ni petroli. Mapipa ametia maji, au mafuta ya taa. Nilipanga hivyo kichwani, jiwe juu ya jiwe, na sikuona ufa.

Sikio alikuwa anaosha boliti kwenye karai. Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Labda tusikimbilie lawama, shemeji."

"Wewe ulisikia kokoto?"

Aliisugua boliti ile ile muda mrefu. "Sikusikia," alisema.

Jumatatu, 29 Julai. Joto 31.

Naandika, si kwa majuto. Mkono bado una kazi ndani yake.

Mimi na Sikio tulimkuta Mapipa uani, amekaa kwenye kigoda anachuja petroli kwa kitambaa. Alifurahi kutuona, akaita ndani tuletewe viti. Nikamwonyesha plagi. Aliigeuza juani, akasema, "Hii imegonga, mdogo wangu. Umezidisha presha."

"Umenitilia maji."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, akasimama akaenda kuchukua kipimo chake cha kioo, kile cha kuelea. "Njoo tupime. Pipa ni lile lile, nimemuuzia kila mtu. Tupime mbele yako." Akakitumbukiza, akaniita nisome. Sikutaka kusoma. Nilikipiga teke kikavunjika.

"Muulize Sikio," alisema Mapipa. "Yeye alikuwa anasikiliza."

Nikamgeukia. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu," alisema Sikio.

Hapo nikaona ushahidi umekamilika. Nilimpiga Mapipa ngumi ya taya, nikasikia mfupa. Aliangukia mapipa, yakabiringika, petroli ikamwagika uani kote. Alikuwa anasema "mdogo wangu, mdogo wangu" kwa mdomo usiofunga. Kulikuwa na bomba la chuma la kunyonyea petroli. Nililichukua. La kwanza lilimpata begani, la pili alilikinga kwa mkono na mkono ukakunjika pasipo na kiungo. La tatu lilimwingia usoni. Sikulilenga jicho. Sikuwa nalenga chochote, nilikuwa napiga tu, na kadiri alivyokuwa laini ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Sikio alinikumbatia kwa nyuma. "Basi, shemeji! Basi! Basi!" Alilia neno hilo hilo moja hadi nikaliangusha lile bomba. Mke wa Mapipa alikuwa amesimama mlangoni na viti viwili mikononi.

Ijumaa, 2 Agosti.

Taya limefungwa waya. Jicho la kulia wamelitoa. Polisi hawakuitwa: Mapipa hana leseni, anaogopa mapipa yake yachukuliwe, amesema aliangukiwa na pipa. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 17 Agosti. Joto 32.

Pistoni bado hazijafika. Mke wangu ananipakulia chakula kisha anakwenda kula jikoni na watoto. Nimemuuliza nimemkosea nini yeye. Alinitazama kama dawa iliyopitwa na tarehe.

Alhamisi, 5 Septemba. Joto 33.

Pistoni zimefika. Nimezipima moja moja, nikazilaza kwenye taulo safi. Mtaani wanasema wateja wote wamemkimbia Mapipa, wanamwita mtia maji. Wanasema pia mwanawe mkubwa, anayeendesha kreni huko mbali, ameomba ruhusa kazini. Aje tu. Mimi sijajificha.

Jumamosi, 28 Septemba. Joto 34. Presha 12.

Injini mpya imeshazoea. Mbio za mwisho ni Jumamosi ijayo. Leo ilikuwa siku ya kupandisha presha. Nimekaa kwenye usukani, Mkwe ananguruma, nikamwambia Sikio, "Panda."

"Sipandi."

Nilizima injini ili nisikie vizuri. "Umesemaje?"

"Tafuta mtu mwingine, shemeji. Au funga vipimo."

Wazo lililonijia lilikuwa moja tu: Daktari amemnunua. Nilimkamata ukosi nikamgonga mgongo ukutani. "Amekupa nini?" Nikamgonga tena, rafu ya spana ikaanguka. "Umekula kwangu miaka mitatu! Amekupa nini?"

Mke wangu alikuwa ndiyo anaingia na chakula. Aliliacha sufuria likaanguka, akaja akajipenyeza katikati yetu, akanisukuma kifuani kwa mikono miwili.

"Hasikii! Mwanaume wewe, hasikii! Ulimpasua ngoma ya sikio tarehe kumi na nane mwezi wa sita, na mimi ndiye ninayemtilia dawa! Lilitoa usaha mwezi mzima!"

Nikasema ni uongo. Nikainua mkono nimzibe sikio la kulia nimjaribu. Alipouona tu, akajikunja, viwiko juu ya kichwa, magoti yamekutana. Mtu mzima. Nilisubiri hadi akashusha viwiko. Kisha nikaliziba la kulia taratibu kwa kiganja, nikasogeza mdomo kwenye la kushoto, nikamwita kwa jina la kwao, lile analoitwa na mama yake. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu. Alikuwa anatazama miguu yangu, anasubiri nianze kumpiga.

Nilipoondoa mkono nikauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeniongeza la pili."

"Na Mapipa? Ulisimama pale ukaniacha nimtoboe jicho."

"Ulikuwa na bomba la chuma, shemeji."

Nilikaa chini kwenye wali uliomwagika nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Injini ilinieleza ukweli tangu Julai, plagi ilinieleza, Mapipa alinieleza kwa mdomo wake, na mimi nikapiga kila aliyekuwa karibu isipokuwa mwenye kosa. Najichukia kuliko nilivyowahi kumchukia Daktari.

Jumapili, 29 Septemba. Joto 34.

Sikio amekuja nyumbani baada ya chai, amevaa shati la kutokea.

"Shemeji, twende kwa Mapipa. Sisi wawili. Tukamwambie petroli yake ilikuwa nzuri. Mimi nitasema nilinyamaza, wewe utasema ulichofanya. Watu waache kumwita mtia maji."

Nikamwambia yuko sahihi. Nikamwambia tutakwenda, baada ya Jumamosi. Nikikiri leo, watu wake watanifungia njia, au wasimamizi watasikia na kuniondoa mbioni. Siku sita tu. Jicho halitaota ndani ya siku sita.

Mke wangu alikuwa anafunga nywele za binti yetu. Alisimamisha mikono akanitazama.

"Haya, shemeji," alisema Sikio. Alikaa kidogo, akaenda zake na shati lake.

Jumanne, 1 Oktoba. Joto 35. Presha 16.

Sikio ananifundisha kusikiliza. Nimekaa kiti cha kushoto na mpira sikioni, yeye ameinama kwenye injini iliyozimwa, anaigonga kwa kinyundo kidogo. "Hii ni vali. Hii ni sindano ya petroli. Hii je?" Nikikosa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Juni. Tulipowasha na kuondoka yeye ndiye aliyeendesha, na kwenye pauni kumi na saba nikazisikia kwa mara ya kwanza maishani, kokoto ndani ya kopo, wazi kabisa. Nikapiga kelele, "Kokoto!" Akaachia. Tukatazamana kama watu waliookota kitu njiani.

Anafahamu kazi hii kuliko mimi. Nimekuwa nikiona mkono wake tu, na sikio lake. Yeye sikuwahi kumwona.

Jumatano, 2 Oktoba. Joto 35. Presha 16.

Nimefika hadi kona ya kwa Mapipa. Nikaona watu uani, nikageuza gari.

Jumamosi, 5 Oktoba. Joto 22.

Mvua imeanza jana. Mbio zimefutwa. Kuna maji kila mahali na sina la kupima, kwa hiyo naandika ya juzi, Alhamisi, yote, kwa mpangilio wake.

Saa nane mchana. Mkwe yupo juu ya stendi, mimi nimelala chini yake naukaza mpira wa kurudishia oili kutoka kwenye tabo. Oili ilikuwa inanidondokea begani. Sikio yuko kwenye meza yenye jiliwa la kubania vyuma, amenipa mgongo, anasaga kipande cha ekzosi kwa mashine. Mashine ilikuwa upande wake wa kulia, karibu na uso. Mlango mkubwa wa gereji uko kushoto kwake.

Niliona viatu vikiingia. Buti za kazi, za njano, mpya. Zikasimama hatua nne nyuma yake, kushoto.

"Samahani, kaka. Fundi yupo?"

Sauti ilikuwa ya upole. Kwa upole ule huenda alikuja kuuliza tu. Sikio aliendelea kusaga.

"Kaka, nakuuliza. Fundi yuko wapi? Mimi ni mtoto wa Mapipa."

Cheche zilikuwa zinaruka. Sikio alikigeuza kile kipande akaendelea. Nilijua yule mtu amesimama upande gani, na nilijua mashine iko upande gani. Gereji nzima hapakuwa na mwingine aliyejua mambo hayo mawili. Nilikuwa na pumzi. Ningesema "nipo huku". Ningesema "hasikii". Ningegonga stendi kwa spana. Mimi, niliyempiga mtu kwa kuniambia baiskeli, nililala pale nimeukumbatia mpira wa oili, nikatazama buti, nikaomba zigeuke ziondoke.

"Mmemtoa baba yangu jicho, halafu unanipa mgongo?"

Buti zikasogea kando. Nikaona mkono unashuka na kuokota mpini wa jeki uliokuwa sakafuni, nilipouacha mimi. Hata hapo nilikuwa na muda. Alipiga mara moja juu ya sikio, na Sikio alipokuwa anaanguka akapiga tena.

Mashine iliangukia sakafuni ikiwa bado inazunguka, ikawa inajirusha huku na huku kwenye saruji. Sikio aliangukia shavu, uso ukielekea chini ya gari. Macho yalikuwa wazi. Aliniona. Midomo ilicheza, nadhani ilisema shemeji, sikuweza kusikia kwa ile mashine. Damu ilikuwa inatoka puani inapita kwenye meno yake.

Yule kijana alisema, "Mungu wangu." Aliangusha mpini. Buti zilirudi nyuma, zikapiga ndoo, zikakimbia. Nilisubiri. Nilisubiri hadi nilipokuwa na hakika hazirudi, ndipo nikatoka nikazima mashine.

Amekufa saa kumi na moja jioni, kabla hawajampeleka chumba cha upasuaji. Mtoto wa Mapipa alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe.

Mke wangu alinikuta kwenye korido ya hospitali. Hakuwa analia. Alikuwa bado amevaa koti la duka la dawa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kununua boliti."

Alinishika mabega akanigeuza, kama anavyowageuza watoto kuwakagua kabla ya shule. Miaka tisa anafua ovaroli zangu, anajua uchafu gani unatoka wapi. Mgongo wangu ulikuwa mweupe kwa vumbi la saruji, kutoka shingoni hadi visigino. Alinigusa begani, penye oili, na nikamsikia akiisugua kati ya vidole. Ilikuwa bado mbichi.

Alinigeuza tena nikamtazama.

"Yule kijana amewaambia polisi kwamba aliita kabla ya kupiga," alisema. "Aliita mara ngapi?"

Nesi alipita na kitanda kitupu, tukampisha.

"Mara tatu," nikasema.